Kadi ya Dirhamu 25 Ambayo Hatutaki Uione

Wiki jana msichana mmoja wa Kayole alinitumia ujumbe. Amekuwa akiweka akiba miaka miwili, soo leo, soo mbili kesho, aende Dubai siku saba tu. Aone bahari, aone lile jumba refu kuliko yote duniani, arudi kazini. Tiketi ya ndege alikuwa ameipata kwa bei ya kueleweka. Viza, sawa. Chumba cha kushea na rafiki yake mtaa wa Deira, sawa. Halafu akafika kwa usafiri. Akachukua bei za teksi alizosikia kwa vidio zetu, akazidisha mara siku saba, ikamletea karibu thao 40. Akaghairi. Pesa ikaenda kulipa karo ya mdogo wake.

Huo ujumbe niliusoma mara tatu, kwa sababu kati ya vidio alizotazama akipiga hiyo hesabu, moja ni yangu.

Basi leo siji kuhubiri kama mtakatifu. Nakuja kama mmoja wa walioharibu. Sisi wote tunaojiita wasee wa kontenti ya safari tunawaibia watu safari zao. Hatuwaibii wakiwa barabarani. Tunawaibia wakiwa bado kitandani na simu mkononi, kwa kuwaonyesha mji ambao hauna basi wala treni, ni magari ya kukodi tu na mtu amevaa glavu anakufungulia mlango.

Mji kama huo hakuna. Dubai ina treni tangu tarehe 9 Septemba 2009. Msee aliyezaliwa mwaka huo leo anajiandaa kuchukua kitambulisho, na bado sisi tunajifanya hatujaiona.

Nilivyochoma pesa

Ajenti aliyeniuzia ile paketi yangu hapa Nairobi aliniambia kwa uso mkavu, "Huko hakuna matatu, kijana. Bila teksi huendi popote." Nikaamini. Mimi mtu nimelelewa na matatu tangu nikiwa mgongoni kwa mathe, nikaamini kuna mji wa mamilioni ya watu na hakuna gari la umma.

Nikashuka eapoti, nikaingia kwa teksi. Ile mita ya teksi za eapoti huanza kuhesabu ikiwa tayari kwa dirhamu 25, kabla gurudumu halijazunguka. Dirhamu moja ni kama bob 35, kwa hivyo nilikuwa nimelipa bob 875 kwa kukaa tu. Kutoka hapo nikaenda Deira. Siku ya pili nikaenda Marina na kurudi. Siku ya tatu asubuhi nikaenda Dubai Mall na kurudi, jioni Mall of the Emirates na kurudi. Zote teksi. Siku tatu, dirhamu 412. Hiyo ni zaidi ya thao 14 za Kenya, na sijakula.

Siku ya nne cuzo wangu, mtoto wa dadake mathe, alikuwa na ofu. Yeye ni askari wa lango huko, mwaka wake wa nne. Akaja kunisalimia, akaniuliza nimekuwa nikifikaje kwa hizo sehemu ninazoposti. Nikamwambia teksi. Alicheka mpaka akashika ukuta.

"Wewe, kwani shosh alikuachia kisima cha mafuta?"

Akanitoa hapo mguu kwa mguu hadi steshoni ya Union, tukapanga foleni dirishani, nikanunua kadi. Inaitwa Nol. Ile ya rangi ya fedha ni dirhamu 25, na ndani yake unapata dirhamu 19 za kusafiria. Yaani kadi yenyewe imekula dirhamu 6, bob 210. Hiyo ni nauli ya Rongai siku ya mvua.

Tukakaa kwa benchi la steshoni tukapiga hesabu upya. Zile safari zangu za siku tatu, zote, kutoka eapoti mpaka ile ya mwisho, kwa treni zingenila dirhamu 43. Nilikuwa nimelipa 412. Hesabu hiyo haihitaji digrii, na mimi niliyeacha chuo ndiye ushahidi.

Sehemu ambayo huwa tunairuka

Hii ndiyo dakika moja ambayo hakuna anayekuwekea kwa vidio yake, kwa hivyo soma polepole.

Dubai imegawanywa kwa zoni saba. Ukisafiri ndani ya zoni moja, kadi inakatwa dirhamu 3. Ukivuka kuingia zoni jirani, dirhamu 5. Ukipita zaidi ya zoni mbili, dirhamu 7.5, na hapo ndipo mwisho hata ukienda kutoka ncha moja ya mji hadi nyingine. Kutoka Deira kwenda steshoni ya Burj Khalifa ni 5. Kutoka Deira kwenda Marina ni 7.5, mahali ambapo teksi ilikuwa imenila karibu 95 kwenda tu.

Kadi ni ile ile kwa treni, basi na tramu. Ukishuka treni ukaingia basi kabla ya nusu saa kuisha, inahesabiwa kama safari moja, hulipi upya. Unagusa kadi ukiingia na unagusa ukitoka. Usisahau kugusa ukitoka kwa basi, kwa sababu mashine haijui umeshukia wapi na itakukata kama umeenda mbali.

Ukiongeza pesa kwa dirisha la steshoni, tangu Agosti 2024 hawakubali chini ya dirhamu 50. Kwa hivyo usingoje ubaki na siku moja ndio uende dirishani, utaacha pesa yako kwa kadi urudi nayo Kenya kama kumbukumbu.

Kuna kadi nyekundu ya karatasi. Hiyo ni ya mtu wa safari moja mbili. Unalipa dirhamu 2 za karatasi, na kila nauli iko juu kwa dirhamu moja kuliko ya kadi ya fedha. Ukikaa zaidi ya siku moja, achana nayo.

Halafu kuna ya dhahabu. Nauli mara mbili, unakaa behewa lenye viti vipana. Inafika saa ile ile, steshoni ile ile, na hewa ni ile ile. Ukitaka kulipa maradufu ili usikae karibu na watu wanaotoka kazini, hiyo ni shida yako na roho yako.

Na kama unataka kuvuka ile hori ya maji kati ya Deira na Bur Dubai, kuna mashua za mbao zinaitwa abra. Dirhamu moja. Bob 35. Unamlipa nahodha mkononi, unakaa ubavuni mwa mashua, upepo unakupiga usoni, misikiti upande huu na masoko ya viungo upande ule. Nimewahi kulipia vitu vya maelfu ambavyo havikunifurahisha hivyo.

Siku zangu nne zilizobaki, nikaenda tena Marina, nikaenda Burj Khalifa, nikavuka abra kwenda na kurudi, nikapanda basi la E100 kutoka Al Ghubaiba hadi Abu Dhabi kwa dirhamu 25 na nikarudi kwa 25, mwishowe nikaenda eapoti kwa treni, dirhamu 3. Jumlisha na ile 6 ya kadi, na abra mbili za kunifikisha Al Ghubaiba na kunirudisha. Ni dirhamu 88. Siku nne pamoja na mji mwingine mzima, zikagharimu chini ya teksi moja ya Marina.

Na wauzaji wa pasi pia wasikuchezee

Kuna kundi lingine ambalo limegundua treni, lakini wao ugonjwa wao ni pasi. Kila mji wanaofika wanakuambia, "Nunua pasi ya siku nzima, uwe huru." Hawapigi hesabu kamwe.

Pasi ya siku Dubai ni dirhamu 20 kwa daraja la kawaida. Ili irudishe pesa yake lazima upande safari tatu ndefu za 7.5 siku hiyo. Kama safari zako ni za 5, lazima upande nne. Kama unazunguka zoni moja tu, lazima upande saba. Mimi siku yangu kubwa zaidi ya treni ilikuwa Marina kwenda na kurudi, dirhamu 15. Na pasi ningekuwa nimetupa angalau dirhamu 5 kila siku nikijiita mjanja.

Hii ni kanuni ya kila mahali, usiibebe Dubai peke yake. Japani walikuwa na pasi ya treni ya wageni ambayo kila mtu aliimba sifa zake. Oktoba 2023 ile ya siku saba ikapanda kutoka yeni 29,650 hadi yeni 50,000. Watu wengi hawakubadilisha hata neno moja kwa ushauri wao, wakaendelea kusema nunua tu. Pasi ni bidhaa kama soda. Kabla hujanunua, andika safari zako kwa karatasi, weka nauli mbele ya kila moja, jumlisha. Pasi ikishinda, chukua. Ikishindwa, acha. Mtu yeyote anayekuambia "pasi ni lazima" bila kukuuliza unaenda wapi, anakuuzia.

Kwa nini tunaficha

Niseme ukweli. Siku niliyopanda treni nilirekodi. Ile treni ya Dubai haina dereva, kwa hivyo ukikaa behewa la mbele unaona njia yote kupitia kioo, inapaa juu ya Sheikh Zayed Road, majumba pande zote mbili. Ilikuwa vidio kali kuliko zote nilizopiga huko. Nikamtumia msee mwenzangu wa kontenti aione kabla sijaweka. Akajibu, "Toa hiyo, inakaa ya mtu amesota."

Nikaitoa. Badala yake nikaweka picha nimesimama kando ya Lamborghini iliyokuwa imeegeshwa nje ya hoteli ambayo hata sikuwa nimelala. Ilipendwa sana. Mwenye gari hakuwahi kujua.

Hiyo ndiyo sababu, na hakuna nyingine. Si kwamba treni ni mbaya, ni kwamba tunaona haya. Tumekulia mji ambapo mtu akipata pesa kitu cha kwanza anaacha ni matatu, kwa hivyo ndani ya vichwa vyetu basi ni adhabu ya kukosa. Tunaenda hadi ng'ambo na hiyo aibu kwa begi. Tunafika mahali ambapo basi ni safi, lina hewa baridi, linakuja kwa wakati, na bado tunasimama barabarani tukipungia teksi mkono ndio watu wa nyumbani wasidhani tumesota.

Na anayelipia hiyo aibu yetu si sisi. Sisi tunapata maoni na watazamaji. Analipa yule wa Kayole.

Najua mtasema nini

Mtasema, "Mimi naenda kununua bidhaa, nina mizigo." Hiyo ni haki. Kwa treni unaruhusiwa sanduku moja kubwa na moja dogo, si marobota ya nguo. Siku ya kubeba mali, lipa gari. Lakini siku tano za kuzunguka ukiuliza bei, umebeba mkoba mtupu, teksi ni ya nini?

Mtasema joto. Kweli, Julai saa saba mchana hata mbuzi hawezi kutembea kutoka steshoni. Panga matembezi ya asubuhi na jioni, na ukizidiwa, chukua teksi fupi kutoka steshoni ya karibu. Hakuna aliyekuapisha.

Mtasema usiku. Treni siku nyingi huanza saa kumi na moja alfajiri na kufunga saa sita usiku, Ijumaa inaongeza hadi saa saba. Jumapili inaanza saa mbili asubuhi, kwa hivyo kama ndege yako ni ya alfajiri ya Jumapili, weka pesa ya teksi kando mapema. Hiyo ni kupanga, na ndiyo kazi ambayo sisi wa kontenti tulipaswa kuwafanyia.

Dada zangu mtauliza usalama. Kuna sehemu ya behewa ya wanawake na watoto, imechorwa pinki sakafuni. Mwanaume akiingia humo anapigwa faini ya dirhamu 100. Faini ni hiyo hiyo kwa kula au kunywa ndani ya treni, hata kutafuna pijii. Ukiingia bila kulipa ni 200. Hapa Nairobi dada akishikwa mgongo ndani ya gari anaambiwa asonge mbele.

Na kuna watakaosema nina wivu. Wivu wa nini, na picha ya Lambo ninayo?

Kuna watu tunawafuta

Hili ndilo linaniuma zaidi ya pesa.

Siku hiyo na cuzo, behewa letu lilikuwa limejaa watu wa kazi. Wahindi, Wafilipino, Wapakistani, Waganda, na nikasikia Kiswahili mara mbili kabla hatujafika Marina. Dada mmoja alikuwa akiongea kwa simu na nyumbani Bungoma, anauliza kama mvua imenyesha. Hao ndio wanalinda hayo majumba, wanaosha hivyo vyumba, wanapika hicho chakula tunachokipiga picha. Dubai ya kweli iko ndani ya hiyo treni. Ukipanda teksi siku zote saba, unaweza kurudi nyumbani bila kukutana na Mkenya hata mmoja kati ya wale wote wanaoishi huko.

Cuzo akaniambia kitu nikanyamaza. Alisema yeye aliondoka Kenya akiwa amejaza simu vidio kama zangu. Alidhani hata askari wa lango huko anaishi hivyo. Alipofika akapata kitanda cha juu kwa chumba cha watu sita na zamu ya saa kumi na mbili. "Sijutii kuja," akasema, "lakini ningependa mtu aniambie mapema."

Fikiria hilo. Kila wiki kuna kijana anakaa mbele ya ajenti wa kazi za Ghuba, na ajenti hahitaji hata kudanganya sana, kwa sababu sisi tumeshamaliza kudanganya kwa niaba yake. Tungeonyesha basi la saa kumi na mbili asubuhi, na nani yuko ndani, na wamechoka vipi, huyo kijana angeuliza maswali mawili zaidi kabla ya kutia sahihi. Pengine angeenda tu. Lakini angeenda macho yakiwa wazi.

Nisikudanganye tena kwa upande mwingine: treni nzuri haifanyi Dubai kuwa pepo. Kadi yenyewe ina fedha na dhahabu, maskini huku na tajiri kule, wameandika mpaka kwa rangi. Lakini bei iko ukutani, ni moja kwa mgeni na kwa mwenyeji, mvua inyeshe isinyeshe.

Na hapo ndipo nikakumbuka nyumbani. Sisi tulijaribu kadi. Mwaka 2013 kulikuwa na BebaPay ya Google na Equity. Mwaka 2014 serikali ikasema matatu zote ziache kuchukua pesa mkononi. Mwaka 2015 BebaPay ilikuwa imezikwa. Hadi leo nauli ya jioni inaamuliwa na wingu. Mgeni akija Nairobi akaniuliza basi la kwenda mahali ni pesa ngapi, sina jibu. Namwambia inategemea. Inategemea saa, mvua, konda, na sura yake. Halafu tunashangaa wageni wetu pia wakipanda teksi.

Ninachotaka

Kwa wenzangu wa kontenti: kwa kila vidio ya safari, weka mambo matatu. Umefikaje, umelipa ngapi kwa shilingi, na gari la umma lingekuwa ngapi. Sekunde kumi. Kama ulilipiwa, sema ulilipiwa. Kama gari si lako, toa mkono juu ya gari la watu.

Kwa nyinyi mnaotutazama: msee akikuonyesha mji mzima bila steshoni hata moja, muulize, "Kadi ya basi ni pesa ngapi huko?" Akikosa kujua, hakuwa akisafiri. Alikuwa akibebwa.

Ile vidio ya treni nimeirudisha leo. Iko juu kabisa ya ukurasa. Ile ya Lambo nimeiacha pia, lakini nimeandika chini yake kwamba gari si langu na teksi iliyonifikisha hapo ilinila pesa ambayo treni ingenichukua mara kadhaa.

Yule wa Kayole nimemtumia hesabu yote, safari kwa safari. Ya kwake ya siku saba, na eapoti ndani, haifiki thao 5. Alisoma, akanyamaza karibu saa nzima, halafu akajibu kwamba ataanza kuweka tena mwezi ujao. Soo leo, soo mbili kesho. Ile ya kwanza ilishaenda.